Nondo za Jumanne, Nondo wa Alhamisi

Jumanne, ghorofa ya tatu, Profesa Ostrowicz anashusha nondo:
kitu si kitu, kitu ni mahusiano;
makumbusho ni kinywa, je, nani anasema?
Tunaandika mpaka vidole vinaota sugu,
sisi kumi na mmoja wa shahada ya uzamili,
na Tymon, aliyekaa nyuma, ubavuni mwa kipasha joto,
anauliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Alhamisi nashuka ngazi kumi na tisa
chini ya kiwanda cha zamani cha nyuzi, hapa Łódź,
theluji imegeuka tope mlangoni,
na huku chini nondo ni nondo:
mdudu mwenye mbawa za rangi ya ngano
amenasa kwenye gundi ya mtego wa karatasi.
Kazi yangu ya kwanza ni kuwahesabu.
Mtego wa kwanza, wanne. Wa pili, hakuna.
Wa tatu, karibu na mazulia, kumi na saba,
na Bi Halszka anavuta pumzi kama aliyesomewa hukumu.

Akiba haiozi, husema watu.
Watu hao hawajafungua kabati namba sita.

Kazi hii hailipwi. Alfajiri nauza mikate kituo cha treni,
kisha nanawa mara tatu kabla ya kuja,
maana chembe moja ya unga kwenye ukucha
ni karamu ya ukoo mzima.
Darasani hakuna aliyetuambia
kwamba baridi ya ghala huingilia magotini,
kwamba wino ni marufuku, penseli tu,
kwamba vazi hulazwa kama mgonjwa,
mikono yake ikajazwa karatasi laini
isije ikazoea kukunjika.

Wiki ya sita nikapewa aproni.
Pamba. Buluu iliyochujuka. Kiraka juu ya kiraka.
Nikaandika hali yake kama nilivyofundishwa:
doa la mafuta, chini kulia;
matundu mawili, si ya nondo.
Kisha nikaingiza kidole cha glavu mfukoni
nikakutana na ganda la mbegu ya alizeti.
Moja tu.

Mtu alitafuna mbegu mashine zikinguruma,
akaficha ganda, msimamizi asione.
Au lilikuwemo tu, basi,
kama takataka zilivyomo mifukoni mwetu sote.
“Uchafu,” akasema Tymon.
“Ushahidi,” nikasema mimi, Bogna, kwa sauti ya Jumanne.
Tukabishana mpaka taa, ile inayojizima yenyewe, ikatuzimia,
tukabaki tunapunga mikono gizani
kama watu wanaoagana na meli wasiyoiona.

Rejesta ya mwaka sabini na nne inasema:
*Aproni. Mfanyakazi wa kike. Jina halijulikani.
Aliyeileta: mwanawe.*
Bi Halszka akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani.
“Mwanawe,” akasema, “alisimama hapa, mbele ya meza hii.
Halijulikani si sawa na halikuulizwa.”

Na Tymon, yule wa mtihani,
ndiye aliyeipiga namba ya simu iliyoandikwa pembeni,
tarakimu tano, simu za zama zile.
Mashine ikamjibu kwa adabu kwamba hakuna namba kama hiyo.
Akapiga tena.

Nikachonga penseli.
Chini ya *halijulikani*, kwa herufi ndogo,
nikaandika: *halikuulizwa*.
Ganda: limo. Mfuko wa kulia. Lisitolewe.

Kabla ya kupanda ngazi nikapitia mitego.
Kabati la sita, nondo wawili.
Mmoja alikuwa bado anapiga mbawa.
Nikasimama naye, penseli mkononi;
fomu haina mahali pa kuandika hilo.